Shahada ya lugha za kigeni ukubwani: chagua mlango kabla ya kuchagua lugha

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa na dirisha la udahili wa vyuo vikuu likafunguliwa, mazungumzo ya majumbani huwa ni ya vijana. Lakini wapo waombaji wengine wasiotajwa katika mazungumzo hayo. Yupo ustadhi wa madrasa mwenye umri wa miaka 38, aliyesoma Kiarabu kwa masheikh tangu utotoni. Yupo mama wa watoto watatu aliyeishia kidato cha nne, ambaye sasa anauza bidhaa anazoagiza kutoka Guangzhou na kila mara hulazimika kumtegemea mkalimani. Yupo pia dereva wa malori yaendayo Lubumbashi, ambaye Kiswahili humtosha sokoni, ila nyaraka za huko zimeandikwa kwa Kifaransa. Wote hawa wanatamani shahada ya lugha za kigeni. Kwa nafasi yangu ya ukatibu wa kamati ya msikiti, watu wa namna hii hunijia kuomba barua ya utambulisho, na swali lao la kwanza karibu siku zote ni moja: wasome lugha ipi?

Swali hilo lina mahali pake, lakini kwa mtu mzima halistahili kutangulia. Kijana wa miaka 20 akikosea kuchagua, ana muda wa kugeuza njia. Mwenye familia na majukumu hana nafasi hiyo. Kwake yeye yapo maswali matatu ya kuanzia. Ataingia chuoni kwa mlango gani? Atazipata wapi saa za kujifunza? Na atakapohitimu, umri wake utamruhusu kufanya nini na shahada hiyo? Akishayajibu haya kwa ukweli, mara nyingi lugha yenyewe hujidhihirisha.

Je, umri umepita?

Imesimuliwa kwamba al-Kisai, mmoja wa maimamu saba wa visomo vya Qur'an na kiongozi wa wanasarufi wa Kufa, hakuanza kusoma nahau akiwa kijana. Siku moja alifika kwenye baraza la watu akiwa amechoka, akaeleza uchovu wake kwa neno lisilo sahihi. Wenyeji wakamkosoa mbele ya wote: vipi anakaa nao na huku anaiharibu lugha? Akaondoka akatafuta mwalimu wa nahau papo hapo, kisha akasafiri hadi Basra kwa al-Khalil bin Ahmad. Na Imam Bukhari, katika mlango wa elimu wa Sahihi yake, amekumbusha kwamba Maswahaba wa Mtume (s.a.w.) walijifunza hali wakiwa watu wazima.

Hata hapa nchini, mtu mzima chuo kikuu si jambo geni. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, waliomaliza kidato cha sita walitakiwa kwanza kufanya kazi kabla ya kufikiriwa kuingia chuo kikuu. Madarasa ya Mlimani ya miaka ile yalikuwa na watu wenye mishahara, wake na watoto.

Wataalamu wa lugha nao wana la kusema, na ni vema kulisikia bila kulipaka sukari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha watu wapatao 670,000 wazungumzao Kiingereza, wazawa na wageni, ulionyesha kwamba uwezo wa kuidaka sarufi ya lugha ngeni huwa mkubwa hadi kama miaka 17 au 18, kisha hupungua. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 1978 juu ya wazungumzaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi ulionyesha kwamba katika miezi ya mwanzo watu wazima na vijana wakubwa waliwatangulia watoto wadogo katika kujifunza Kiholanzi. Mtu mzima huelewa kanuni akielezwa, hujua namna ya kujisomea, na hujua kwa nini anasoma. Huenda lafudhi yake isifanane kamwe na ya mzawa. Lakini mfasiri, mwalimu na mfanyabiashara hawalipwi kwa lafudhi.

Milango minne ya kuingilia

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa huanza na chuo wakipendacho kabla ya kuangalia cheti walichonacho. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa kila mwaka vitabu vya mwongozo wa udahili, kimoja kwa waliotoka kidato cha sita na kingine kwa wenye stashahada. Humo kila programu imeandikiwa masharti yake. Kitabu hicho ndicho cha kufunguliwa kwanza.

Mlango wa kwanza ni kidato cha sita. Sharti la jumla ni kufaulu masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Masomo hayo mawili lazima yawe katika orodha iliyotajwa na programu husika. Mtu mzima aweza kuufanya mtihani huu kama mtahiniwa wa kujitegemea, mradi katika kidato cha nne awe na daraja C au zaidi katika masomo matatu. Kiarabu na Kifaransa ni miongoni mwa masomo yanayotahiniwa kidato cha sita. Hivyo mwenye msingi wa lugha mojawapo ana somo moja ambalo haanzi mwanzo.

Mlango wa pili ni stashahada iliyotolewa na chuo kinachotambulika, yenye wastani usiopungua 3.0. Njia hii ni ndefu, lakini ina faida yake: mtu aliyekaa nje ya darasa kwa miaka 15 hupata muda wa kurudisha mkono wa kuandika na jicho la kusoma kabla ya kukutana na kazi za shahada.

Mlango wa tatu ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa wale waliozikaribia sifa za shahada bila kuzifikia. Mwenye kuihitimu kwa wastani unaotakiwa huingia shahada.

Mlango wa nne ndio usiojulikana sana katika mitaa yetu, na ndio ulio karibu zaidi na watu wa namna ya ustadhi niliyemtaja. Ni utaratibu unaosimamiwa na TCU wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini na maishani nje ya mfumo rasmi. Mwombaji hufanya mtihani, na huwasilisha jalada la ushahidi wa aliyoyafanya: miaka aliyofundisha, mitaala aliyoiandaa, tafsiri alizozifanya, barua za waajiri, vyeti vya mafunzo mafupi. Anayefikiria njia hii aanze leo kukusanya ushahidi wake, kwani ujuzi usio na karatasi hauwezi kupimwa. Madrasa na taasisi zetu nazo zina wajibu hapa. Mwalimu anapotumikia miaka 10, apewe barua yenye tarehe, masomo aliyofundisha na idadi ya wanafunzi. Kumsifu kwa maneno ya jumla hakumsaidii mbele ya watahini.

Ama waliosoma sekondari nje ya nchi au kwa mtaala wa nje, vyeti vyao hupelekwa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) ili vilinganishwe na vya hapa. Vyeti vya shahada vya nje hupelekwa TCU. Jambo hili lifanywe mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Na wanaongoja nafasi katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina wakumbuke kwamba masharti ya shahada ya kwanza huko yamekuwa ni umri wa miaka 17 hadi 25. Mwenye miaka 30 asiifungie safari yake kwenye mlango huo.

Mwenye Kiarabu cha madrasa

Ndugu yetu aliyehitimu Ajrumiya na vitabu vilivyo juu yake ana hazina kubwa. Anaijua mizizi ya maneno, anaijua irabu, na amehifadhi msamiati ambao mwanafunzi wa kawaida huutafuta kwa miaka mitatu. Kwa hiyo shahada ya Kiarabu huonekana kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Pengine ni kweli. Lakini kabla ya kuamua, na ajipime kwa mambo manne: asikilize taarifa ya habari ya Kiarabu na aieleze kwa Kiswahili, aandike barua ya kuomba kazi kwa Kiarabu bila kunakili, azungumze kwa robo saa juu ya jambo lisilo la dini, kama vile bei za mazao au ugonjwa wa malaria, na afasiri ukurasa mmoja wa mkataba wa nyumba. Atakayeyaweza manne haya ana haki ya kutafuta programu itakayomwanzishia juu. Atakayekwama asivunjike moyo, maana amegundua kile ambacho chuo kinapaswa kumwongezea.

Lipo na jambo la pili, ambalo limewaangusha hodari wengi. Vyuo vikuu vyetu kwa kawaida hufundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiarabu hukutana na kozi za isimu, nadharia za tafsiri na stadi za mawasiliano, nazo huandikiwa insha na kufanyiwa mtihani kwa Kiingereza. Ustadhi anayesoma tafsiri za Qur'an kwa wepesi aweza kufeli isimu kwa sababu hakuyaelewa maswali. Kwa hiyo aulize mapema: katika kozi za miaka mitatu, ni ngapi zinazofundishwa kwa Kiarabu, na ni ngapi kwa Kiingereza? Ikiwa Kiingereza ndicho pengo lake, mwaka mmoja wa kukiimarisha kabla ya kujiunga ni mwaka uliotumika vizuri.

Tusisahau pia kwamba Sibawayhi, aliyetunga kitabu kikuu cha sarufi ya Kiarabu, alikuwa Mfursi. Mgeni wa lugha akijifunza kwa kanuni, huweza kuwaeleza wazawa mambo ambayo wao huyatumia bila kuyatambua. Hilo ndilo linalomfanya mhitimu wa shahada atofautiane na mtu aliyekaa Maskati miaka mitano akajua kuongea.

Lugha ipi, na ifuatane na nini

Sasa tunalifikia swali la lugha. Kifaransa kimepata uzito mpya katika ukanda wetu. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia kukiingiza pamoja na Kiswahili katika lugha rasmi za Jumuiya, na mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikawa mwanachama. Kiarabu ni moja ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1973, ni lugha ya Umoja wa Afrika, na kwa kuingia Somalia katika Jumuiya mwaka 2024 kimeingia nchi ambayo katiba yake inakitaja kuwa lugha ya pili baada ya Kisomali. Kichina kina wanafunzi wengi kwa sababu ya biashara na ujenzi, na Taasisi za Confucius zipo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma. Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo shughuli zake huhitaji wakalimani wa lugha kadhaa.

Hata hivyo, lugha peke yake ni jembe lisilo na mpini. Mwenye kutaka kufundisha sekondari achague shahada inayounganisha lugha na elimu, yenye masomo mawili ya kufundishia. Mwenye shahada ya lugha tupu atahitaji mafunzo mengine ya ualimu baada yake. Mwenye kutaka tafsiri na ukalimani aangalie kama programu ina kozi za vitendo za fani hizo, na kama wakufunzi wamewahi kuifanya kazi yenyewe. Mfanyabiashara wa Guangzhou huenda asihitaji shahada kabisa: kozi za jioni za Kichina na mtihani wa HSK vyaweza kumtosha, fedha ya ada ikabaki katika mtaji. Kumwambia mtu hivyo si kumkatisha tamaa. Shahada ni njia mojawapo, na kuna safari zisizopita huko.

Na Kiswahili chenyewe kisidharauliwe. Mfasiri hupimwa kwa lugha anayoandikia, kama anavyopimwa kwa lugha anayosoma. Wageni wanaotaka kufundishwa Kiswahili huhitaji mwalimu anayeweza kulinganisha lugha mbili. Zanzibar, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo sasa iko ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilijengwa juu ya wazo hilo hilo la kuziweka lugha zetu na za wengine chini ya paa moja.

Saa zitatoka wapi?

Taasisi inayowafunza lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji saa za darasani kati ya 600 na 750 kukimudu Kifaransa kikazi, na kama saa 2,200 kwa Kiarabu au Kichina. Kiswahili wamekipangia saa 900 hivi. Kwa Mswahili hesabu hiyo hubadilika, hasa kwa Kiarabu ambacho kimetuachia maneno mengi, lakini uwiano wake unafundisha. Mwenye saa moja kwa siku atazifikisha saa 2,200 baada ya miaka sita. Mwenye saa mbili, miaka mitatu, ambayo ndiyo urefu wa shahada ya kawaida.

Kwa hiyo mwombaji na aandike ratiba yake ya wiki nzima: kazi, usafiri, swala, watoto, wagonjwa, shughuli za mtaa. Kisha aone ni saa ngapi zimebaki akiwa bado macho. Kama hazifiki kumi kwa wiki, Kichina cha kuanzia sifuri kitamlemea, wakati Kiarabu alichokwisha kukianza kitamwezekana.

Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewafaa wengi kwa sababu kina vituo mikoani na humwacha mwanafunzi aende kwa mwendo wake ndani ya ukomo uliowekwa. Lakini lugha ina hitaji ambalo sheria au historia hazina: kinywa. Mtu hawezi kujifunza kuzungumza kwa kusoma vitabu usiku peke yake. Anayechagua masomo ya masafa ajitafutie watu wa kuzungumza nao kila wiki, ama kwa kozi za jioni kama za Alliance Française kwa Kifaransa, ama kwa halaka ya Kiarabu ambayo washiriki wake wamekubaliana kutotumia Kiswahili kwa saa nzima. Misikiti yetu ina kumbi zinazokaa tupu baina ya Alasiri na Magharibi. Halaka ya namna hiyo haihitaji bajeti.

Kuta mbili za umri, na mfuko wa nyumba

Familia nyingi huligundua jambo hili baada ya mwaka wa kwanza, na ni lazima lijulikane kabla. Miongozo ya miaka ya karibuni ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeweka ukomo wa umri wa miaka 35 kwa mwombaji wa shahada ya kwanza. Aliyevuka hapo apange ada kutoka mfukoni mwake. Kwa wanaojiuliza juu ya riba, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021. Hata hivyo kila mtu ausome mkataba wake na amuulize mwanachuoni anayemwamini.

Ukuta wa pili ni wa ajira. Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida humtaka mwombaji asiwe na zaidi ya miaka 45, isipokuwa kwa walio tayari katika utumishi. Anayeanza shahada ya miaka mitatu akiwa na 42 atahitimu akiwa na 45, na akipitia kwanza mwaka wa msingi atakuwa amevuka. Huyo asisome kwa kutegemea ajira ya Serikali. Asome kwa ajili ya shule binafsi, tafsiri za kujitegemea, utalii, biashara, au kuiinua madrasa yake mwenyewe. Hizo ni sababu nzuri, ila zinadai chaguo tofauti la programu.

Mwisho, hakuna anayesoma ukubwani peke yake. Mume akiingia chuo, mke hubeba saa zake za jioni. Mke akiingia, mume ajue kwamba chakula cha watoto na madaftari yao sasa ni kazi yake pia. Tumezoea kumtaka mwanamke aombe ruhusa ya kusoma, lakini mara chache tunamuuliza mume ni saa ngapi za wiki atazitoa ili masomo hayo yafanikiwe. Mashauriano ya nyumba yaandikwe kama bajeti: ada ya kila muhula, nauli, vitabu, na nani atakuwa na watoto siku za mitihani.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, mwombaji aende chuoni au katika kituo cha mkoa wake, aombe kuonyeshwa orodha ya kozi za mwaka wa kwanza hadi wa tatu, na azungumze na mwanafunzi mmoja aliye mwaka wa mwisho. Amuulize swali moja tu: hivi sasa, kwa lugha hiyo, anaweza kufanya nini ambacho hakukiweza alipoanza? Jibu la mwanafunzi huyo litampa picha ya programu kuliko tangazo lolote la chuo.